Akiba ya Msokoto

Mpira wa kriketi umejaa uzi. Wengi waliocheza nao kwa miaka hawalijui hilo, kwa sababu jicho huishia kwenye ngozi nyekundu na mshono ulioinuka katikati yake. Mimi nililijua utotoni, Mombasa, kwa kuwa mzee aliyetufundisha kriketi alikuwa fundi wa nguo, na mipira mipya ilikuwa ghali. Mpira uliochoka hakuutupa. Aliuweka juu ya meza ya cherehani, akakata mshono kwa wembe, akaibandua ngozi, nasi tukaona yaliyomo: kiini cha gome jepesi la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, kimezungushiwa uzi wa sufu tabaka juu ya tabaka, umekazwa hata haubonyei. Kisha akauvika ngozi nyingine na kuishona kwa uzi aliokwisha kuupitisha kwenye nta.

"Mkiurusha huu mnarusha kazi ya mtu aliyesokota uzi," alituambia. "Basi nanyi tieni yenu."

Niliyashika maneno hayo kabla ya kuyaelewa. Leo naamini yanafika mbali zaidi ya uwanja wa kriketi. Msokoto ni kazi inayotiwa ndani ya kitu mapema, ikakaa humo bila kuonekana, mpaka kitu hicho kikutane na upinzani. Wahenga walisema akiba haiozi. Uzi, kamba na mpira wa spini, yaani ule unaorushwa kwa kuzungushwa, vyote vinaishi kwa akiba ya namna hiyo, na watu wanaoiweka huwa hawasikiki sana majina yao.

Akiba hiyo niliiona kwanza kwa bibi yangu mzaa mama, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, tulikokwenda shule zikifungwa. Wanawake wa huko husokota kamba za usumba. Kazi yenyewe haianzii mkononi, huanzia ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mashimo ambayo bahari huja kuyafunika, yakawekewa mawe ili kila mwenye shimo alijue lake, yakaachwa humo miezi mingi. Maji ya chumvi hulainisha kile kilichozigandisha nyuzi. Baadaye makumbi hufukuliwa, yakapondwa kwa mti, usumba ukaoshwa na kuanikwa juani.

Hapo ndipo Bibi alipoketi kusokota. Alichukua mafungu mawili ya usumba akayaviringisha kwa viganja, yote mawili upande mmoja, kisha akayapitisha moja juu ya jingine kwa upande wa kinyume. Mikono yake ilikwenda bila haraka na bila kusita. Nilimwuliza kwa nini kamba haifumuki akiiachia.

"Mjukuu wangu," alinijibu, "kila uzi unataka kufumuka, na ukitaka kufumuka unamkaza mwenziwe."

Jibu hilo lina fizikia yote ya kamba. Unyuzi mmoja wa usumba ni mfupi, na ukiulaza kando ya mwingine na kuuvuta, unachomoka bila taabu. Ukizisokota pamoja, kila unyuzi unapita kwa kuzunguka wenzake. Mtu akivuta kamba, zile nyuzi zinazojaribu kunyooka hubanana kuelekea ndani, na kadiri zinavyobanana ndivyo msuguano kati yao unavyoongezeka. Mvutano uliokuja kuikata kamba ndio unaoishikiza. Msokoto ukipungua, nyuzi huteleza. Ukizidi, kamba hujikunja na kukatika. Kati ya hapo pana kiasi chake, na kiasi hicho Bibi alikijua kwa ncha za vidole. Kwa kamba za namna hiyo watu wa pwani waliishona mitepe, majahazi yasiyo na msumari, na wakaiamini baharini.

Kwa fundi wetu wa Mombasa msokoto ulikuwa mwingine, ila mikono ilifundishwa kwa njia ile ile. Mpira wa spini hurushwa polepole, kilomita 75 hadi 90 kwa saa, wakati warushaji wa kasi hupita 140. Hauna nguvu ya kumtisha mpigaji. Nguvu yake yote imo katika mzunguko. Alitushikisha hivi: kidole cha shahada na cha kati vinakaa juu ya mshono, cha pete kinakunjwa kando yake, na gumba linapumzika tu. Kazi kubwa ni ya kidole cha pete na kifundo cha mkono, ambacho hukunjwa ndani kisha kikafunguliwa mpira ukitoka. Tuliketi kibarazani tukizungusha mpira kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, jioni baada ya jioni, kabla hajaturuhusu kuurusha kuelekea wiketi. Mara nyingi alitupa mgongo, akiendelea na cherehani yake. Alikuwa akisikiliza. Mpira uliozungushwa vizuri hutoa mvumo unapoacha vidole.

"Kijana, wako haulii," aliita, wala hakugeuka. Nasi tulijua anamwambia nani.

Miaka ilipita ndipo nikajifunza mvumo ule unasema nini. Chukua mpira unaozunguka mara 30 kwa sekunde na kusafiri kilomita 80 kwa saa. Uwanja una mita 20.12 kati ya wiketi na wiketi. Mpira huo humfikia mpigaji katika muda usiotimia sekunde moja, na katika muda huo huwa umejizungusha zaidi ya mara ishirini. Ukiwa hewani huikokota hewa iliyogusana na ngozi yake. Upande mmoja hewa hiyo hung'ang'ania mpira kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuachana nao, na upande wa pili huachana mapema. Mkia wa hewa ulio nyuma ya mpira hupinda, na mpira wenyewe husukumwa kinyume chake. Ukizungushwa kwenda mbele, husukumwa chini: mpigaji anakadiria kuwa utamfikia, kumbe unatua mapema na kuruka juu kuliko alivyotarajia. Ukizungushwa kurudi nyuma, huelea, kisha huteleza chini chini. Ukizungushwa kwa mhimili uliosimama wima kidogo, huchepuka kando.

Mchepuko huo una siri yake. Mhimili wa kitu kinachozunguka haupendi kubadili mwelekeo. Mpira wa spini hupanda kidogo, kisha hushuka, lakini mhimili wake hubaki ulivyokuwa ulipotoka mkononi. Kwa hiyo pembe kati ya mhimili na njia ya mpira hubadilika safarini, na msukumo wa hewa hubadilika pamoja nayo. Mpira unaweza kwenda sawasawa karibu safari yote, ukaanza kuchepuka mwishoni, mpigaji akiwa tayari ameamua la kufanya.

Kisha ardhi. Hapo ndipo akiba inapodaiwa. Mpira ukitua, ngozi yake inakimbia kwa mita 6 au 7 kwa sekunde kuelekea upande mmoja, na mshono wake ulioinuka hushika udongo. Msuguano huo hubadilisha mzunguko kuwa mwendo wa kando. Udongo mgumu uliolowa kidogo na kushindiliwa hauupi mpira mengi ya kushika. Siku ya 5 ya mechi ndefu, uwanja umepasuka na kufanya vumbi, hapo mrushaji wa polepole aliyepuuzwa siku ya 1 huitwa na nahodha wake. Mzunguko ni ule ule aliokuwa akiutia tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mshiko wa ardhi.

Dunia nzima iliona jambo hili tarehe 4 Juni 1993, katika uwanja wa Old Trafford, Manchester. Shane Warne wa Australia alirusha mpira wake wa kwanza kabisa dhidi ya Uingereza katika michuano ya Ashes. Mpigaji alikuwa Mike Gatting, mtu mzoefu aliyesifika kwa kuwamudu warushaji wa spini. Mpira ulikwenda moja kwa moja, kisha ukachepuka kuelekea miguuni mwake, ukatua nje ya mstari wa vijiti, ukageuka, ukapita mbele ya gongo lake na kupiga kijiti cha upande wa pili. Gatting alibaki ameduwaa. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara nashangazwa na utaratibu wake: hewa ilichukua sehemu yake kwanza ikampeleka mpigaji upande mmoja, ardhi ikachukua iliyobaki ikaupeleka mpira upande wa pili. Vyote viwili vilikuwa vimetiwa na vidole kabla mpira haujaacha mkono. Warne alimaliza na wiketi 708, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi ndefu za kimataifa ziitwazo Test. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, aliyezungusha kwa upande wa kinyume, alifika 800.

Kazi ilinipeleka London, na huko ndiko fundi na Bibi walikokutana mawazoni mwangu. Chuo Kikuu cha University College London kina makumbusho yenye jina la Flinders Petrie, mwanaakiolojia aliyechimba Misri kuanzia miaka ya 1880. Humo nilisimama mbele ya bakuli la udongo, zito, lisilo na pambo lolote. Ndani yake, kwenye sakafu ya bakuli, fundi alikuwa amefinyanga vipini viwili vilivyojipinda kama vya kikombe. Mtu asiyejua angeshangaa: nani anashika bakuli kwa ndani? Vipini vile havikuwa vya mkono. Vilikuwa vya uzi. Mabakuli ya aina hii yalichimbuliwa Kahun, mji wa mafundi uliojengwa karibu na piramidi ya Senusret II, yapata miaka 3,800 iliyopita. Mengine yametoka Amarna na Deir el-Medina, na mengine mbali zaidi, katika miji ya kale ya Palestina.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wamisri walivaa kitani. Walichana nyuzi ndefu kutoka kwenye shina la mmea, wakaziunga ncha kwa ncha na kuzikunja kuwa madonge. Donge liliwekwa ndani ya bakuli pamoja na maji kidogo, uzi ukapitishwa chini ya kipini, ukapanda juu hadi kwenye kijiti cha kusokotea chenye kigurudumu kichwani. Msokotaji alikiviringisha kijiti pajani kisha akakiachia kizunguke hewani. Kipini kililizuia donge lisiruke nje, kikauwekea uzi mvutano usiobadilika, na kikazitenganisha nyuzi mbili zisitatane. Maji yaliamsha utomvu wa kitani, na pale ncha zilipoungwa zikagandamana. Tena kitani kikilowa huwa na nguvu kuliko kikiwa kikavu, kwa hiyo uzi ulivumilia mvutano ambao ungeukata ukiwa mkavu. Mrushaji wa spini hujua upande wa pili wa jambo hili: umande wa jioni ukilowesha mpira, vidole huteleza na mzunguko hupotea. Maji yanayomsaidia msokotaji humnyima mrushaji.

Chini ya vipini vya mabakuli hayo huonekana mifereji myembamba. Hakuichonga mtu. Uzi, kitu laini unachoweza kukikata kwa meno, ulipita pale tena na tena hadi ukaula udongo uliochomwa. Kwangu hiyo ndiyo sahihi ya wanawake waliofanya kazi ile. Majina ya wafalme waliowavika yamechongwa kwenye mawe. Yao hatunayo, lakini mikono yao tunayo. Michoro ya makaburi ya Beni Hasan inawaonyesha wamesimama wima, baadhi wakiendesha vijiti viwili kwa wakati mmoja. Na katika makumbusho yale yale ya Petrie lipo vazi la kitani lililochimbuliwa Tarkhan mwaka 1913, ambalo vipimo vilivyotangazwa mwaka 2016 vinaonyesha lilifumwa kati ya miaka 3482 na 3102 KK. Lina mikono, lina mikunjo mabegani. Zaidi ya miaka 5,000 nyuzi zake bado zimeshikana, kwa kuwa mtu alitia msokoto wa kutosha na hakuharakisha.

Kuna jambo jingine walilolijua. Unyuzi wa kitani uliolowa, ukianza kukauka, hujizungusha wenyewe kuelekea upande mmoja. Uzi wa Misri ya kale karibu wote umesokotwa kwa upande huo huo. Waliufuata mmea unakotaka kwenda. Hakuna aliyekuwa na hadubini. Waliuhisi mkononi, wakamrithisha binti, binti akamrithisha bintiye.

Vitabu vilikuja nyuma sana. Mwaka 1638 Galileo alichapisha kazi yake ya mwisho kubwa, na ndani yake akauliza swali ambalo Bibi angelijibu bila kuacha kusokota: nyuzi fupi za katani zinawezaje kufanya kamba ndefu inayobeba mzigo mzito? Akaeleza kuwa msokoto huzibana nyuzi zisiweze kuchomoka. Mwaka 1672 Isaac Newton aliandika kwamba amewahi kuuona mpira wa tenisi uliopigwa kwa upande ukipinda hewani, akajaribu kueleza sababu. Mwaka 1742 Benjamin Robins aliliona jambo lile lile katika risasi za bunduki, na mwaka 1852 Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alifanya majaribio yaliyolipa jina lake. Nawaheshimu watu hao wote. Maelezo yao yaliniwezesha kuelewa kwa nini mpira wangu ulichepuka siku moja na siku nyingine haukuchepuka, na kile kinachoelezeka kinaweza kufundishwa kwa mtu aliye mbali. Lakini mbele yao kulikuwa na msururu mrefu wa watu waliokwisha kuupima msokoto kwa ngozi ya vidole, na kipimo chao kilikuwa sahihi. Nguo haidanganyi. Tanga haliwezi kujazwa upepo kwa nadharia mbovu.

Pwani yetu imo katika msururu huo. Kilwa na katika miji mingine ya Waswahili wa kale, wachimbaji wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vigurudumu vya vijiti vya kusokotea pamba. Chungu kilichovunjika jikoni kilipewa kazi ya pili. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu palifumwa nguo zenye jina la mji huo, zikisafirishwa hadi Misri na kwingineko. Fikiria: nchi iliyofinyanga mabakuli yale ya uzi ilikuja kununua nguo zilizosokotwa na mikono ya Afrika Mashariki. Nguo za viwanda zilipoingia kwa wingi katika karne ya 19, ujuzi huo ulififia karibu wote. Usumba ulibaki, kwa kuwa bahari bado ilihitaji kamba.

Kriketi nayo ilitupa siku zetu. Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, Kenya iliishinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia, na Collins Obuya, kijana wa spini ya kifundo cha mkono, alichukua wiketi 5 kwa kukubali mikimbio 24 tu. Kenya ilifika nusu fainali mwaka ule. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni 15 Machi, Durban, dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 na alikuwa ameshastaafu kabla ya kuitwa tena. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, akiupa mpira muda wa kukaa hewani. Katika ova 8 (kila ova ni mipira 6) na mipira 2 alitoa mikimbio 7, akachukua wiketi 3, mojawapo ya nahodha Ricky Ponting. Ova 6 kati ya hizo hazikupata hata mkimbio mmoja. Australia ilishinda mechi, na bado Karim ndiye aliyetajwa mchezaji bora.

Niliitazama mechi ile nikiwa na watu waliojua mpira vizuri, wakashangaa mzee huyu amepata wapi nguvu. Mimi sikuona nguvu mpya. Niliona miaka ya kibarazani na ya nyavuni, iliyowekwa kidogo kidogo na kutunzwa, imekutana na upinzani mkubwa kuliko wote na ikashika.

Kwa hiyo naomba tuipime upya kazi inayotangulia. Tunaishi katika wakati unaosifu pigo linalovuka mpaka wa uwanja na kuona aibu kumlipa msokotaji. Kamba ya usumba sokoni Unguja inauzwa kwa fedha kidogo mno ukilinganisha na miezi iliyokaa shimoni na siku zilizokaa viganjani. Mtoto akionyesha ustadi wa mikono shuleni huambiwa arudi kwenye vitabu, kana kwamba Galileo hakuanza kwa kuitazama kamba. Mimi ningetaka mtoto huyo asokote kwanza, ahisi unyuzi unavyobana mkononi, arushe mpira hadi usikike ukilia, kisha mwalimu amfungulie kitabu na kumwonyesha sababu. Fizikia itamwingia kwa kuwa tayari anayo vidoleni.

Ningetaka pia tuache kuwahukumu vijana kwa siku ya 1 ya mechi. Uwanja ukiwa mgumu na laini juu, aliyetia msokoto na asiyetia huonekana sawa, na pengine yule mwenye kasi tupu huonekana bora. Ardhi ikianza kupasuka, tofauti hujitokeza. Anayelea, anayefundisha, anayemsimamia fundi mwanagenzi, kazi yake ni kutia msokoto wa kiasi, kwa subira, katika kipindi ambacho hakuna anayeuona, na kuamini kuwa upinzani utakapokuja utakuta kitu cha kushika.